MANENO YA BAHARI: SAFARI YANGU YA LAMU

Hotuba hii ilitolewa na mfasiri mmoja wa serikali mbele ya walimu na wanafunzi wa shule ya sekondari ya bara. Tumeipiga chapa kwa kuwa yaliyomo yawafaa wasomaji wetu wote, wa mjini na wa mashambani.



Nimeombwa niwaeleze habari za safari yangu ya Lamu, mji wa kale wenye bandari, ulioko pwani ya kaskazini ya nchi yetu ya Kenya. Nilipokaa kuandika maneno haya nilifikiri nianze na habari za ngome na misikiti, kama ilivyo desturi ya wasafiri. Lakini haitakuwa haki nikiwaficha sababu iliyonipeleka huko. Sikwenda kutembea. Nilikwenda kuomba radhi kwa kosa nililolifanya kwa kalamu yangu mwenyewe.

KOSA LENYEWE

Mimi ni mtu wa bara. Nilizaliwa magharibi mwa Kenya, penye mahindi na miwa, nikasoma katika shule ya misheni hata nikamaliza sekondari. Kiswahili nilikipata darasani. Nilikipenda, nikafaulu vizuri katika mtihani wake, na baadaye nikaajiriwa kazi ya kufasiri. Bahari nilikuwa nimeiona mara moja tu, Mombasa, nami nilikuwa juu ya kivuko, nikishika mkoba wangu kwa mikono miwili.

Siku moja, karibu na saa ya kufunga kazi, nililetewa ilani fupi ya Kiingereza kutoka idara nyingine. Ilihusu wavuvi wa visiwa vya Lamu. Iliwataka waondoe vyombo vyao mahali fulani, kwa kuwa tishari lenye shehena ya mawe na saruji litafika hapo maji yatakapokuwa makubwa. Sasa jina ambalo Waingereza huyaita maji hayo ni neno lenye maana mbili. Maana moja ni majira ya machipuko, miti ya Ulaya inapotoa majani baada ya baridi. Maana ya pili ni yale maji yanayojaa mno na kupwa mno, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Mimi niliijua maana ya kwanza tu. Basi nikaandika, bila shaka yoyote moyoni, kwamba tishari litafika "wakati wa maji ya machipuko". Nikatia sahihi yangu, nikaenda nyumbani kula.

Baada ya mwezi mmoja barua ilifika ofisini. Iliandikwa kwa mkono, kwa herufi nzuri zilizonyooka. Mwandishi alieleza kwamba yeye ni mvuvi mzee, na kwamba yeye na wenzake waliisoma ile ilani wakaulizana machipuko ya bahari ni kitu gani. Wengine walidhani ni mwani unaoota miambani. Wengine walisema ni wakati wa mvua, mimea inapochipuka, nao ulikuwa bado mbali. Kwa hiyo waliviacha vyombo palepale. Siku nne baadaye, usiku, tishari lilikuja, likachukuliwa na mkondo, likaipiga mashua ya mzee yule ubavuni. Kwa rehema ya Mungu hakuna mtu aliyeumia. Lakini mataruma matatu yalivunjika na mbao mbili zilipasuka, na hata siku ya kuandika barua, yeye na wajukuu wake wawili walikuwa hawajarudi baharini. Barua haikuwa na tusi hata moja. Iliuliza tu: tafadhali, mtueleze machipuko ya bahari ni nini?

Niliisoma nikahisi masikio yangu yakiwaka moto. Nikafungua kamusi iliyokuwa juu ya meza yangu miaka yote. Neno lilikuwamo, chini ya herufi B, limelala likinisubiri: bamvua. Mtoto wa pwani wa miaka saba analijua. Mimi, mwenye cheti na mshahara, sikulijua.

Nikaomba likizo ya siku kumi, nikaenda kwa nauli yangu.

NJIA YA LAMU

Kutoka Mombasa nilipanda basi alfajiri. Tulipita Kilifi na Malindi, tukafika Garsen karibu na mto Tana, kisha Witu na Hindi. Zamani sehemu ya kutoka Garsen ilikuwa ya matope wakati wa mvua na ya vumbi wakati wa jua, lakini sasa imetiwa lami. Njia hukoma Mokowe, ukingoni mwa bara, na hapo hushuka kila mtu na mzigo wake, kwa sababu Lamu ni kisiwa. Tukavuka kwa mashua yenye mtambo. Mara ule mji ukaonekana mbele yetu: nyumba nyeupe za mawe zimepangana kando ya maji, na mbele yake majahazi yametia nanga.

Nilipokanyaga gatini, mvulana aliyekuwa na punda aliniambia, "Ndoo!" Nikatazama huku na huku nikitafuta ndoo ya maji. Wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kumbe kwa Kiamu, yaani Kiswahili cha Lamu, "ndoo" ni "njoo". Kwao njia ni "ndia", nchi ni "nti", macho ni "mato", na leo ni "yeo". Basi saa yangu ya kwanza katika mji ule nilirudishwa darasa la kwanza, na mwalimu wangu alikuwa mchunga punda.

Hili lisitushangaze. Kiswahili tunachofundishwa shuleni kina msingi wake katika Kiunguja. Shauri hilo lilikatwa katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya nchi za Afrika Mashariki ya kukisimamia Kiswahili sanifu. Lilikuwa shauri la manufaa, maana bila hilo mimi na ninyi tusingesomana. Lakini miaka mingi kabla ya mkutano huo watu wa Lamu na Pate walikuwa wakitunga tenzi na kuziandika kwa herufi za Kiarabu. Mwana Kupona binti Mshamu, mwanamke wa visiwa hivyo, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha mwaka 1858, na hata leo wasomi wanausoma. Sisi watu wa bara tumekuta nyumba imekwisha kujengwa. Yatupasa tupige hodi.

MJI ULIVYO

Lamu una sehemu mbili kubwa: Mkomani upande wa kaskazini, penye nyumba nyingi za mawe, na Langoni upande wa kusini. Njia kuu inayopita katikati huitwa Usita wa Mui, maana yake ni njia ya mji. Njia nyingine ni nyembamba, hata punda wawili wenye mizigo wakikutana hapana budi mmoja angoje. Magari hayawezi kupita humo. Punda ndio huchukua mawe, mchanga, unga na magodoro, nao wana hospitali yao, iliyoanzishwa mwaka 1987.

Nyumba za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hushikwa na boriti, yaani nguzo za mikoko. Niliona kwamba vyumba vyote ni virefu lakini vyembamba, nikauliza sababu. Nikaambiwa kwamba upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Mti wa mkoko hautoi nguzo ndefu, basi chumba hakiwezi kuuzidi mti. Ndani, ukutani, mna zidaka vilivyonakshiwa kwa chokaa, na nje mlangoni mna daka, mahali pa kukaa na kuongea na wageni.

Boriti hizo ndizo zilizoutajirisha mji huo pamoja na biashara nyingine. Kila mwaka upepo wa kaskazi, unaovuma tangu Desemba hata Machi, ulileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi, yamepakia tende, mazulia na vyombo. Upepo wa kusi ulipoanza, karibu na Aprili, yalirudi kwao na boriti, kwa kuwa nchi nyingi za huko hazina miti ya kujengea. Biashara hiyo ilififia, na mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kupeleka boriti nchi za nje, ili mikoko isimalizike. Hata leo zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo katika Lamu.

Katikati ya mji ni ngome kubwa, inayotazama uwanja wa Mkunguni. Ilimalizwa kujengwa karibu na mwaka 1821. Tangu mwaka 1910 hata 1984 ilikuwa gereza, kisha ikakabidhiwa idara ya makumbusho. Karibu nayo ni Msikiti wa Pwani, ambao husemwa ulijengwa mwaka 1370. Na upande wa Langoni ni Msikiti wa Riyadha, uliojengwa na Habib Saleh, mtu aliyetoka visiwa vya Ngazija akawafundisha dini matajiri na maskini pamoja. Kila mwaka wakati wa Maulidi wageni wengi huja hapo. Mimi si Mwislamu, lakini kila nilipouliza njia nilijibiwa kwa upole, na mara mbili nilipelekwa mpaka mlangoni. Mwaka 2001 mji huu uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia, kwa kuwa ndio mji wa Waswahili uliohifadhika kuliko yote ya Afrika Mashariki na ambao watu wangali wakiishi humo kwa desturi zao.

NAKUTANA NA MZEE

Nyumba ya yule mzee ilikuwa Langoni. Nilipiga hodi jioni, nikamwamkia, akaniitikia na kunikaribisha dakani. Nililetewa kahawa chungu na mkate wa mofa. Nilitaka kusema haja yangu mara moja, lakini yeye aliniuliza kwanza habari za njiani, za wazazi wangu, na za mvua za kwetu. Ndipo nikamwambia, "Mzee, mimi ndiye niliyeandika machipuko ya bahari."

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Wewe? Tulidhani ni mtu mzima." Wajukuu wake wakatazama chini wakizuia kicheko. Akaendelea, "Mwanangu, karatasi ile tuliisoma siku tatu. Mtu akiandika kwa muhuri wa serikali, hatusemi amekosea. Twasema ni sisi tusiojua."

Maneno hayo yaliniumiza kuliko kama angenitukana. Nilikuwa nimedhani kwamba msomaji asiyeelewa atauliza. Kumbe msomaji asiyeelewa hujilaumu mwenyewe, akanyamaza, na chombo chake kikavunjwa.

Kesho yake alinichukua Matondoni, kijiji cha upande wa magharibi wa kisiwa, kinachosifiwa kwa mafundi wa vyombo. Mashua yake ilikuwa juu ya magogo, ubavu wake wazi. Fundi alinionyesha kila kitu kwa jina lake. Ule mti mkubwa wa chini unaobeba chombo ni mkuku. Mti wa mbele unaokata maji ni hanamu. Miti iliyopindika kama mbavu za ng'ombe ni mataruma, nayo fundi huitafuta mikokoni ikiwa imekwisha kupinda yenyewe, kwa maana mti ulionyooka ukikunjwa kwa nguvu hauna nguvu. Baina ya ubao na ubao hutiwa pamba yenye mafuta, na kazi hiyo huitwa kukalafati. Chini hupakwa deheni, ambayo ni shahamu na chokaa, ili wadudu wa baharini wasile mbao. Juu husimama mlingoti, na tanga hufungwa katika foromali.

Nikaandika yote katika daftari. Mzee alinitazama, akasema kwamba kaskazi ndiyo majira ya wavuvi, bahari inapotulia na samaki wa mbali kupatikana. Kusi ikija, nje ya miamba hapaendeki kwa mashua ndogo. Ilikuwa Januari. Sikuhitaji kufasiriwa maana ya maneno hayo.

Nilimtolea fedha kidogo nilizokuja nazo, akazikataa. Akasema, "Iandike upya ile karatasi."

Tukaketi chini ya kivuli cha mwembe nikaiandika. Nikaandika "wakati wa bamvua", nikamsomea kwa furaha. Akatikisa kichwa. Akasema bamvua huja mara mbili kila mwezi, je, ni ipi? Akanieleza kwamba mwezi unapoandama na unapotimia siku 15, maji hupanda na kushuka kupita kiasi. Hapo kwao maji yaweza kushuka zaidi ya mita 3 baina ya kujaa na kupwa. Katikati yake, mwezi unapokuwa nusu, huwa maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana. Tena kila siku saa ya kujaa huchelewa kadiri ya dakika 50. Basi mtu anayewaandikia wavuvi na ataje bamvua, ataje tarehe, na ataje kama ni maji ya mchana au ya usiku. Nikaandika mara ya tatu. Akawaita vijana wawili waliokuwa wakipita, akawaambia niwasomee. Walisikiliza, wakasema, "Tumefahamu," wakaenda zao. Hapo ndipo mzee alipotabasamu.

HABARI YA SHELA

Siku ya tatu nilikwenda naye Shela, penye vilima vya mchanga, kusini ya mji. Hapo alinisimulia vita ambavyo kila mtoto wa Lamu huvijua. Mwaka 1812, au karibu na hapo, jeshi la Pate pamoja na Mazrui wa Mombasa lilishuka pwani ile kuja kuuteka mji wa Lamu. Watu wa Lamu walipigana nao wakawashinda. Adui wakakimbilia vyombo vyao, lakini maji yalikuwa yamekupwa, na vyombo vimekaa mchangani, havisukumiki. Wengi waliuawa palepale. Baada ya vita hivyo watu wa Lamu waliomba ulinzi kwa Sayyid Said wa Omani, na ngome ikamalizwa kujengwa.

Mzee hakunihubiria. Alionyesha tu kwa fimbo yake mahali maji yanapofika yakijaa, na mahali yanapofika yakipwa. Palikuwa mbali sana, kama upana wa uwanja wa mpira. Nikafahamu kwamba bahari haimngoji mtu asiyejua saa zake, awe na jeshi au awe na muhuri.

BANDARI MPYA

Yatupasa kufahamu kwamba jambo hili si la mashua moja tu. Upande wa bara, katika ghuba ya Manda, inajengwa bandari kubwa ya kupokea meli za dunia nzima. Kazi yake ilizinduliwa mwaka 2012, na gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Shabaha ni kufikia magati 32. Wako vijana wa Lamu wanaoitumainia kwa kazi, na wako wavuvi wanaosikitikia miamba na mikoko iliyoguswa. Wavuvi na wenzao walipeleka shauri mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyokaa Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wastahili fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mahakama iliona pia kwamba wananchi hawakupewa habari za kutosha wala nafasi ya kutosha ya kutoa maoni yao.

Nawaombeni mlizingatie hilo neno "habari". Katiba yetu ya mwaka 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lakini karatasi iliyoandikwa Kiswahili kisichofahamika haijampa mtu habari yoyote. Imempa karatasi tu.

NILIYOJIFUNZA

Siku ya kuondoka mzee alinipa jambo moja la kufanya. Madai yake ya fidia yalikuwa yameandikwa Kiswahili, na idara iliyohusika iliyataka kwa Kiingereza. Nikayafasiri usiku ule, neno kwa neno, nami sikupunguza wala kulainisha mahali paliposema kwamba ilani ilikosewa na mfasiri. Alilipwa baada ya miezi mitano: gharama za mbao, misumari na ufundi. Siku za kaskazi zilizopotea hakulipwa, kwa kuwa siku hizo hazina risiti.

Ofisini niliomba jambo dogo, nalo lilikubaliwa: kila ilani inayohusu kazi ya watu fulani isomwe kwanza na watu wawili wa kazi hiyo kabla ya kupigwa chapa. Huchelewesha siku mbili au tatu. Mashua ya mzee ilichelewa majuma manane.

Ninyi wanafunzi, baadhi yenu mtakuwa makarani, waalimu, wauguzi, mabwana shamba na wafasiri. Mtawaandikia watu msiowajua habari za kazi msizozifanya. Msidhani kwamba cheti chenu kimewapa maneno yote. Mfugaji ana maneno ya ng'ombe, mfinyanzi ana maneno ya udongo, na mama zetu wana maneno ya jikoni ambayo hayamo katika kamusi yoyote. Nendeni mkawaulize, nanyi muulize kabla ya kuandika, si baada ya barua kufika. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Mimi nilikuwa nikiuandika msemo huo katika insha zangu tangu darasa la sita, nami sikuufuata hata nilipokuwa na miaka thelathini na minne.

Daftari langu la Matondoni liko mezani pangu hata leo, kando ya kamusi. Ukurasa wa kwanza una neno moja tu, nililoliandika kwa herufi kubwa ili nilione kila asubuhi: BAMVUA.